Mama Maabara na Jineri Ndogo za Mwilini

Naomba radhi mapema kwa mwandiko wangu. Herufi zangu hulala upande kama mtama uliopigwa na mvua, na mahali pengine nimefuta kwa mate mpaka karatasi imetoboka. Niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa wa mwisho kunakili ubaoni. Mwalimu alikuwa akifuta nami bado niko mstari wa tatu. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni kama nilivyokusudia. Ukurasa huu wa kwanza peke yake umenichukua tangu ng'ombe walipotoka zizini mpaka waliporudi.

Nataka kumwandika Mama Maabara. Jina lake analo, lakini hapa kijijini Sapiwi hakuna anayelitumia, na akiitwa kwa jina huangalia nyuma kuona ni nani aliyekuja.

Alikuja kwetu miaka ile serikali ilipokuwa ikipunguza wafanyakazi, na wanunuzi binafsi wa pamba ndio kwanza wameanza kuingia na malori yao. Kwa hiyo msimu mmoja tulipata vitu viwili vipya: malori na yeye. Malori yaliondoka pamba ilipokwisha. Yeye alibaki, na kelele hazikupungua.

Kicheko chake kwanza. Kilianzia tumboni kama jembe linaloburutwa juu ya mawe, kisha kikapanda na kukatika ghafla, ukadhani amekabwa. Halafu kikaanza upya. Mbwa wa kwetu walikijua. Kikianza walibweka, naye akisikia wanabweka alicheka zaidi, nao wakabweka zaidi. Siku moja baba, ambaye ni mtu wa maneno machache kama mimi, alitoka nje akasema, "Mmoja wenu anyamaze, sijali ni yupi."

Kazi yake ya zamani ilikuwa kuosha vyombo vya kioo katika maabara moja huko Dar es Salaam. Kuosha tu. Hakuficha.

"Sikuwa daktari, sikuwa nesi," alisema. "Nilikuwa mwosha chupa. Lakini chupa chafu humdanganya daktari. Sasa niambieni, mkubwa ni nani?"

Hakuacha kuosha. Kibuyu cha maziwa alikisuuza mara saba, na maji ya mwisho lazima yawe yamechemka. Jirani yetu Nyanya Holo, bibi mwenye meno mawili na ulimi wa watu kumi, alikuwa akikaa kumtazama kama mtu aliyelipia kiingilio.

"Mayu," alimwita, yaani mama kwa Kisukuma, "unakiosha au unakibatiza?"

"Nakibatiza, nyanya. Kilikuwa mpagani."

"Basi kipe na jina!"

Lakini mtu huyohuyo wa kusuuza mara saba alinusa ugoro, akichota kwa vidole vilevile, akafuta kwenye kanga yake. Ukimuuliza, anakwambia vijidudu vikiingia kwenye ugoro hupiga chafya mpaka vikafa. Sikujua kama ni sayansi au ni yeye.

Kilichomtofautisha na waosha chupa wengine ni maswali. Katika maabara ile alikuwepo daktari mmoja aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Huko alikuwa akitunza seli za saratani ya matiti kwenye visahani, akizilisha na kuziangalia kila siku kama mtu na vifaranga. Daktari alipenda kuzisimulia, na katika jengo zima aliyekuwa akisikiliza ni Mama Maabara, akiwa ameshika brashi na povu mpaka kwenye viwiko. Kila alichoambiwa alikiandika kwenye daftari gumu la kaunta. Alilileta Sapiwi ndani ya mfuko wa nailoni, na mvua ikinyesha alilichukua daftari kabla ya kuanua unga.

Sasa mjue jinsi tunavyofanya na pamba. Ikitoka shambani, tunaimwaga kwenye turubai, tunakaa kuizunguka, tunachagua. Nyeupe iliyofunguka vizuri ni safi. Iliyochafuka, iliyoliwa na wadudu, iliyokataa kufunguka ni fifi. Fifi ina hila: hujificha katikati ya safi, na jicho hupita juu bila kuiona. Kinachoikamata ni kidole. Unapitisha taratibu, unabonyeza kidogo, unakutana na kibonge kigumu. Mimi ni mtu wa polepole kwa kila kitu, ila kwenye turubai upole wangu ndio ulionipa sifa. Mama aliwaambia wageni, "Huyu Kabula hasemi, lakini vidole vyake vinasema."

Mama Maabara, kinyume chake, hakujua kuchagua kabisa. Alikulia kwenye pamba kama sisi, akaenda mjini, vidole vikasahau. Alitupa safi kwenye fifi na fifi kwenye safi huku akizungumza, na mimi nilikaa mkono wake wa kulia nikirudisha kila kitu mahali pake. Lakini mnunuzi alipokuja na lori, kijana mwenye kofia, akasema, "Changanyeni tu, akina mama, siku hizi soko huria, nabeba yote," aliyesimama kupiga kelele alikuwa yeye.

"Unachanganya safi na fifi? Utakwenda kuvaa shati gani wewe?"

"Lakini mama, hata wewe nimekuona unachanganya!"

"Mimi nakosea! Wewe unakusudia!"

Ni kwenye turubai hilo alipotufundisha habari ya jineri za mwilini. Nakumbuka mpaka nzi waliokuwepo.

"Mnaijua jineri," alianza. Tukaitika, nani asiyeijua? Kiwanda kinachomeza pamba yenye mbegu na kutoa nyuzi. "Basi mwili wa mwanamke una jineri yake. Kuna homoni inazunguka kwenye damu, hiyo ni pamba yenye mbegu, haijafaa kwa kazi ya kike. Kuna kimeng'enya, jina lake aromatesi, hiyo ndiyo mashine. Inameza homoni ile na kutoa nyingine, estrojeni. Hizo ndizo nyuzi. Mwanamke akiwa bado anapata hedhi, jineri kubwa iko kwenye vifuko vya mayai yake. Kama zamani, chama cha ushirika, kiwanda kimoja, foleni moja."

"Na akizeeka?" Nyanya Holo akauliza.

"Kiwanda kikubwa kinafungwa."

"Mbona kwangu hawakuniaga!"

Kicheko, mbwa, kicheko. Alipopata pumzi aliendelea. "Kinafungwa, lakini jineri ndogondogo za watu binafsi zinabaki zinafanya kazi. Kwenye mafuta ya mwili. Kwenye titi lenyewe. Hata ndani ya uvimbe wa saratani. Na seli nyingi za saratani ya titi ni mnunuzi mwenye njaa, hula nyuzi hizo na kuongezeka. Mnaona ujanja? Mnunuzi kajenga jineri nyumbani kwake!"

"Soko huria," akasema mama yangu.

"Soko huria kabisa, mayu. Sasa wale wataalamu wakauliza, tunaifungaje jineri hiyo? Wakatengeneza dawa maabarani, zinaitwa retinoidi. Ni watoto wa vitamini A, ila wamezaliwa kiwandani. Zinaingia mpaka ndani kabisa ya seli, ofisini kwa meneja, zinampa barua: punguza mashine. Na kwenye visahani, baadhi ya barua zilisikilizwa. Aromatesi ilipungua kazi. Nyingine meneja alizisoma akazitupa. Nyingine zikapunguza mashine hii zikaamsha ile. Ndiyo maana daktari wangu kila siku alisema, na mimi nawaambieni: sahani si mtu."

Hiyo ndiyo kauli yake kubwa, sahani si mtu. Aliisema hata pasipohitajika. Ukimwambia mbuzi wa fulani amepona kwa majani fulani, atasema sahani si mtu. Tulikuwa tukimwigiza.

Kisha akatuambia tujipime wenyewe, kila mwezi, tukioga. "Mnavyotafuta fifi. Vidole vitatu, polepole, mzunguko mzima mpaka kwapani. Ukikutana na kibonge, usikae nacho, nenda hospitali."

"Na wewe unajipima?" Nyanya Holo akauliza.

Mama Maabara akasimama. "Mbuzi wangu yuko wapi?"

Alikuwa na mbuzi mmoja, mweusi, na mbuzi huyo alipotea kila swali hilo lilipoulizwa. Alipotea mwaka ule, alipotea mwaka uliofuata. Angeulizwa wakati mbuzi amelala miguuni pake, bado angekwenda kumtafuta.

Hapo tulicheka. Nami nilicheka. Hatukujua kuwa mama yangu alikuwa amesikiliza kwa makini kutuzidi wote, na alikuwa ameshika kipande kimoja tu.

Siku chache baadaye nilimpelekea mama maji kwenye bafu letu la mabua, nikamkuta amesimama mkono ukiwa kwenye ziwa la kushoto, vidole vitatu, hasogei. Aliniangalia. "Usiseme," alisema. Kunyamaza ni kitu ninachokiweza kuliko kuchagua pamba. Sikusema.

Mama akaanza kula maini. Kila siku ya gulio alimpitia mchinjaji na kuchukua ini lote, akalila peke yake jioni kwa haraka kama mtu anayetimiza amri. Akaacha viazi vyeupe, akataka vile vyekundu ndani. Akaagiza karoti Bariadi mjini, na kwenye duka la dawa lililofunguliwa karibu na stendi akapata vidonge vya vitamini, makopo mawili, akavimeza kwa viganja. Baba alifurahi mwanzoni. "Mama yako amepata hamu ya kula," aliniambia. Lakini midomo ya mama ilianza kubanduka kama ganda la kitunguu. Kichwa kikamuuma mpaka akafunga kanga. Ngozi ikamwasha. Na usiku mmoja alinishika mkono, akaniwekea pale kushoto, ili ajue kwa vidole vyangu. Kilikuwepo. Kigumu, kimetulia, hakijali maini wala karoti.

Nilikwenda kwa Mama Maabara mara tatu ili nimwambie. Mara ya kwanza nilisalimia, "Mwangaluka," akaitikia, akanipa chai, nikanywa, nikarudi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilifungua mdomo kabisa, nikasikia sauti yangu ikisema, "Chai yako ina sukari." Nikaondoka mbio.

Mara ya nne alinishika bega. "Ng'wanawane, mwanangu, hakuna mtu anayependa chai yangu kiasi hiki. Kaa." Akaniletea daftari lake, lilelile la kaunta, akafungua ukurasa wa mwisho, akanipa kalamu. "Andika. Nina siku nzima."

Niliandika. Mnajua ninavyoandika. Alikunywa vikombe viwili, akasuuza kikombe mara saba, akarudi, bado niko palepale. Hatimaye nikamsogezea. Maneno yalikuwa haya: Mama ana bonge. Anakula maini.

Alisoma akaanza kucheka kwa sababu ya maini. Kicheko kikafika pale kinapokatikaga, na safari hii hakikuanza tena.

Alikimbia kwetu bila viatu wala kilemba. Mama alikuwa akipepeta mahindi, na Nyanya Holo alikuwa pale, kama kawaida yake, akimsaidia kwa kuongea.

"Midomo hiyo imekula nini?" Mama Maabara aliuliza.

Mama aliniangalia, akajua. Hakunikaripia. Aliweka ungo chini. "Ulisema dawa zile ni watoto wa vitamini A."

"Nilisema."

"Basi mimi nimekwenda kwa mama yao. Nani anamwomba mtoto wakati mama mtu yuko nyumbani?"

Mama Maabara alikaa chini, kwenye mahindi kabisa. Nyanya Holo alinyamaza, na hilo lilinitisha kuliko yote.

"Mayu," alisema Mama Maabara, "kosa ni langu. Nilipenda hadithi yangu kupita kiasi. Sikiliza sasa. Mama mtu ana kazi nyingi: macho, ngozi, watoto tumboni. Ukimjaza mwilini haendi kwenye jineri. Anarundikana kwenye ini na kukuumiza, na ndiyo kichwa hicho, ndiyo midomo hiyo. Wale watoto walitengenezwa ili wabishe mlango mmoja. Na hata wao, walibisha kwenye sahani."

"Sahani si mtu," mama alisema taratibu.

"Sahani si mtu."

"Kwa hiyo dawa yangu ni ipi?"

"Leo? Daktari. Na kisu, akisema kisu."

"Wataniondolea ziwa."

"Huenda."

Mama alifunika uso. "Baba yake Kabula atasema nini?"

"Atasema nini!" Nyanya Holo akarudi na ulimi wake wote. "Si ana ng'ombe yule mwenye chuchu tatu? Kila mnada anatoa wengine, yule hamtoi. Ndiye anayempenda kuliko wote zizini!"

Kisha mabega ya mama yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, midomo inapasuka kwa kucheka, anasema, "Aa, nyanya, usinichekeshe, inauma!" Mama Maabara akaanza pale juu ya mahindi. Mbwa wakaanza. Baba akatoka zizini na fimbo mkononi, akamkuta mkewe analia na kucheka, mgeni amekalia chakula, na mimi nimesimama. Aliniuliza mimi kuna nini. Mimi! Wote wakanitazama.

"Mama ana bonge kwenye ziwa," nilisema. "Ni la kwenda hospitali."

Baba aliweka fimbo chini. "Basi linaondoka saa ngapi?" Hakuuliza kitu kingine.

Walikwenda Bariadi, wakaelekezwa Mwanza. Mama Maabara aliandamana nao, na hadithi ya huko mama huisimulia mpaka leo. Baada ya kisu, daktari alimpa vidonge vya kumeza kwa muda mrefu. Mama Maabara akanyoosha mkono kama mtoto darasani.

"Samahani, dokta. Vidonge hivi vinafunga jineri, au vinamzuia mnunuzi?"

Daktari akavua miwani. Ikabidi aelezwe habari yote, pamba, nyuzi, soko huria, meneja na barua. Mama anasema wagonjwa wengine waliacha kulalamika ili wasikilize. Daktari alifikiri sana, akasema, "Vinamzuia mnunuzi. Nyuzi zipo, ila mlango wake umezibwa." Kisha akauliza, "Wewe mama ni nani?"

"Mwosha chupa," akajibu, na mama anaapa kwamba alijibu kama mtu anayetaja cheo.

Mama alirudi. Midomo ikapona, kichwa kikaacha. Maini hawezi hata kuyanusa. Yule ng'ombe wa chuchu tatu sasa anaitwa Mdogo Wangu, na hakuna anayeruhusiwa kumchapa.

Msimu huu wa kuchagua pamba, asubuhi moja, Mama Maabara alikuja peke yake. Hakucheka, kwa hiyo mbwa hawakumjua, wakambwekea kama mgeni. Nilikuwa kwenye turubai. Nikaona ameshika kamba, na mwisho wa kamba yuko mbuzi mweusi. Akamfunga kwenye mti wa ua, mafundo mawili, akavuta kuhakikisha.

"Leo hapotei," alisema.

Nikamsogezea nafasi kwenye turubai.

"Nimeosha visahani vya mtu aliyekuwa akisimulia seli zile kila siku, Kabula. Nazijua zinavyokula. Ndiyo maana ninaogopa. Wote nimewaambia wajipime, mimi mwenyewe nikioga, mikono naiweka nyuma." Akanyoosha vidole vyake, vile visivyojua safi na fifi. "Na hivi ningeviaminije? Nataka vya kwako."

Tuliingia ndani. Nilinawa, akanitazama nikinawa, nikasuuza mara saba kwa heshima yake. Akalala kwenye kitanda cha mama, akafumba macho, akaanza kuongea juu ya ugoro, juu ya bei ya sabuni, juu ya kila kitu. Nikaanza kushoto. Vidole vitatu, mzunguko, kwapani. Nikahamia kulia. Kuna mahali nilisimama, nikarudia.

Akanyamaza. "Umekuta?"

"Subiri. Mimi ni mtu wa polepole."

Nilirudia mara ya tatu. Ulikuwa ubavu wake, chini, ukanidanganya. Nikamaliza mzunguko wote mpaka nilipoanzia.

"Sijakuta kibonge," nilisema.

"Hakuna?"

"Hakuna. Lakini vidole si daktari. Mwezi ujao basi la Bariadi tunapanda wote wawili, na hutamtafuta mbuzi."

Alifungua jicho moja. "Tangu lini unaongea hivyo?"

Nikamfunika kanga yake.

"Na ungekikuta, ungesema? Au ungekuja kunywa chai yangu mara tatu?"

"Ningesema."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Akaanza kucheka pale kitandani, tumboni, mawe, jembe. Nje mbwa wakamtambua, wakapokea, na mbuzi akashtuka akakata kamba, mafundo yote mawili, akapotea kweli. Tulimtafuta mpaka mchana, yeye akicheka njia nzima, na safari hiyo nilimsikia mtu mwingine akicheka sana karibu yake, nikagundua ni mimi.

Nina ombi kwenu mnaosoma. Daftari la Mama Maabara limeishia kwenye visahani, kwa sababu alipunguzwa kazini kabla daktari wake hajamaliza kusimulia. Kama kuna mmoja wenu anayefanya kazi mahali penye visahani hivyo, au ana ndugu huko, tuandikieni: zile barua za watoto wa vitamini A zimetoka kwenye sahani na kumfikia mtu, au bado? Msione haya kama jibu ni bado, yeye amezoea kungoja. Anwani iko nyuma ya bahasha. Andikeni kwa herufi kubwa, maana macho yake yamechoka na mimi, msomaji wa polepole, ndiye nitakayemsomea, kwa sauti. Nami nitawajibu, ila mnipe muda.